Virusi Sugu Katika Kompyuta ya Nyumbani

Si zamani sana kompyuta ilikuwa chombo cha makao makuu na cha mabenki, na mtu aliyeruhusiwa kuigusa alijiona ana cheo. Leo imo katika nyumba nyingi za askari. Huwekwa juu ya meza ya kulia, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, kama ilivyofunikwa redio ya wazee wetu. Na kama redio ile, haina mwenyewe mmoja: baba, mama, watoto, hata jirani aliyekuja kuchapiwa barua, wote huigusa. Ndiyo maana tumeona yafaa kurasa hizi za nyumbani ziizungumzie, kwa kuwa ikiugua, hupata hasara jamaa nzima.

Barua iliyotufanya tuandike haya imetoka kwa mke wa sajini mmoja, ambaye jina lake na kambi yake tunayahifadhi. Mumewe yuko kazini nje ya nchi. Kompyuta yao, ya kupakatwa, ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Watoto huisomea, naye mama huwachapia majirani barua za maombi na kadi za harusi, akapata fedha ya mboga. Tangu miezi kadhaa mashine hiyo imeshikwa na virusi. Kila folda iliyomo katika flashi imegeuka kuwa alama yenye kijishale. Programu ya kuzuia virusi hujizima yenyewe. Na kila afunguapo intaneti hujitokeza kurasa za kamari asizoziita. Mafundi watatu wameisafisha, kila mmoja kwa malipo yake, na kila mara virusi vimerudi kabla juma halijaisha. Fundi wa nne amesema hakuna dawa ila kufuta kila kitu.

Hapo ndipo penye uzito. Ndani ya mashine hiyo mna picha za karatasi za marehemu shemeji yake, aliyekuwa askari vilevile: cheti cha kifo, barua za utumishi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili ambao sasa hulelewa na mama huyu. Baadhi ya karatasi zenyewe ziliharibiwa na mvua, na madai ya mafao ya mayatima hao hayajamalizika. Anauliza: je, akubali ifutwe?

Mama, jawabu letu ni hili. Ndiyo, ifutwe, lakini si leo, wala si kwa jinsi walivyofanya mafundi wale. Kwanza karatasi zitoke. Kisha diski ifutwe yote, si nusu yake. Na flashi zote za nyumba zishughulikiwe siku hiyohiyo, kwani kwa dalili ulizozieleza, yaelekea ndizo zilizokuwa zikiurudisha ugonjwa kila fundi alipogeuza mgongo.

Watu wengi hudhani kwamba virusi ni kama vumbi: hupangusa, kukawa safi. Kumbe virusi vya kompyuta ni programu, yaani mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa na binadamu mwenye akili na nia yake. Mtu huyo alijua tangu mwanzo kwamba utajaribu kuifuta kazi yake, naye alijiandaa. Mara programu hiyo iingiapo, hujiandikisha katika orodha ya programu ziamshwazo kila Windows inapowashwa. Aghalabu huweka pia kazi katika ratiba ya mashine, ile iitwayo Task Scheduler, ikiamuru kwamba, mathalani kila baada ya nusu saa, faili fulani liitwe. Na kama halipo, lipakuliwe upya kutoka intaneti. Basi fundi hulifuta faili, akalipwa, akaenda zake, na kabla hajafika kwake ratiba imekwisha kulirudisha. Virusi vingine huendesha programu mbili zilindanazo: ukiizima moja, ya pili huiamsha. Askari wataelewa upesi, maana ni zamu ya walinzi wawili, na mmoja akianguka mwenziwe hupiga filimbi.

Tena virusi hujua kuvaa sare. Katika kila Windows mna programu halali iitwayo svchost.exe, na mahali pake pa haki ni folda ya System32 iliyo ndani ya folda ya Windows. Virusi hujipa jina hilohilo, vikajificha katika folda ya AppData ya mtumiaji. Ukitazama jina tu, utapita. Ukitazama anakokaa mwenye jina, utamkamata. Hila nyingine, ambayo mafundi wengi huisahau, ni hii: Microsoft Defender, mlinzi aliyemo ndani ya Windows yenyewe, ana orodha ya mahali ambapo mwenye mashine amemwambia asipakague. Virusi vikipata madaraka huandika folda yao katika orodha hiyo. Tangu hapo mlinzi hupita mbele ya mlango wao kila siku, akaandika katika daftari kwamba hali ni shwari.

Vipo pia vikaavyo ndani zaidi ya diski, katika programu iliyomo kwenye ubao mkuu wa mashine, ambavyo hata kufuta diski hakuviondoi. Kampuni ya ESET ilieleza mwaka 2018 habari za kimoja kiitwacho LoJax. Lakini hivyo ni adimu, ni silaha za majasusi, na si desturi yao kumwandama mtu anayechapa kadi za harusi.

Sasa tuje kwenye flashi, kwa maana hapo ndipo tulipo na hatari kubwa zaidi sisi wa sehemu hizi. Intaneti yetu ni ya kununua kwa kipimo, kwa hiyo nyimbo, mitihani ya zamani, picha za ubatizo na programu zote husafiri mfukoni. Virusi vya aina iliyompata mama huyu hufanya hivi: vikiona flashi imechomekwa, huzipa folda zako alama ya kufichwa, ili zisionekane. Kisha huweka badala yake vijinjia vya mkato vyenye majina yaleyale na sura ileile ya folda. Wewe hubofya ukidhani unafungua folda yako. Na hakika folda hufunguka, kwa kuwa virusi vina adabu ya kukufungulia. Ila katika kufungua huko umeviamsha pia, navyo vimekwisha kuingia katika mashine. Picha na barua zako hazijapotea. Zimefunikwa tu. Tunalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu wengi, wakiona vijishale hivyo, hudhani mali imekwisha, wakaifuta flashi kwa hofu. Wanachokifuta ndicho kilichokuwa kizima.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wanyonge tu. Mwaka 2008, katika kambi moja ya Wamarekani huko Mashariki ya Kati, flashi yenye virusi vilivyokuja kuitwa Agent.btz ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi. Virusi vikaenea katika mitandao ya kamandi yao ya kati, ya kawaida na hata ile ya siri. Novemba mwaka huo wizara yao ya ulinzi ilipiga marufuku matumizi ya flashi, na kazi ya kusafisha ilichukua karibu miezi 14. Mwaka 2010 naibu waziri wao wa ulinzi, William Lynn, aliyaeleza mambo hayo hadharani katika jarida la Foreign Affairs. Ikiwa jeshi lenye mali kama ile liliingiliwa kwa kijiti kidogo kuliko kidole, nyumba ya sajini ina haki ya kushikwa, na mama wa nyumba hiyo hana sababu ya kuona haya. Na karibu nasi zaidi: Julai 2023 kampuni ya Mandiant ilieleza kuongezeka kwa mashambulizi yapitayo katika flashi, ikayataja maduka ya kuchapisha na mahoteli kuwa mahali panapoweza kuwa vituo vya maambukizo. Nani kati yetu hajampa kijana wa duka la kuchapisha flashi yake, akamwona anaichomeka katika mashine ambayo tangu asubuhi imepokea flashi arobaini?

Mlango wa pili ni programu za wizi. Mtu hununua kompyuta kuukuu, akawekewa Windows isiyo na leseni, pamoja na kijiprogramu cha kuidanganya ili ijione ina leseni. Maelekezo ya vijiprogramu hivyo huanza karibu kila mara kwa agizo moja: zima kwanza programu ya kuzuia virusi. Hebu lifikirini agizo hilo ninyi mnaolinda malango usiku. Mgeni aje, aseme yu tayari kuingia, ila mlinzi aondoke kwanza, mngemfungulia? Hatusemi kwamba kila kijiprogramu cha namna hiyo kina sumu. Twasema huna njia ya kujua, na umekwisha kumwondoa ambaye angekuambia. Mafundi wengine hutembea na flashi moja yenye vitu hivi, wakaipeleka nyumba hadi nyumba, na bila shaka hawana nia mbaya. Lakini muuguzi atumiaye sindano moja kwa wagonjwa wote naye huenda hana nia mbaya.

Basi kazi yenyewe. Saa ile utambuapo kwamba mashine ni mgonjwa, iondoe katika intaneti: chomoa modemu, au zima ile intaneti itokayo kwenye simu. Usiandike tena neno la siri lolote katika kibodi yake, kwani viko virusi ambavyo kazi yao ni kusikiliza vidole. Chukua simu iliyo salama, ubadilishe kwayo maneno yako ya siri, ukianza na la barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako aweza kuomba mengine yote yabadilishwe. Kama ulikuwa ukiitumia WhatsApp katika kompyuta hiyo, fungua simu, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta humo. Jambo hili husahauliwa sana, nalo huacha mazungumzo ya mume na mke wazi kwa muda mrefu.

Baada ya hapo, karatasi. Usizinakili kwa kuiwasha Windows iliyougua, kwa maana ikiamka yeye, virusi navyo huamka, vikairukia flashi mpya uliyoileta. Ipo njia safi. Mwombe mtu mwenye mashine nzima akutengenezee flashi ya kuwashia ya Linux Mint, ambayo ni bure na ya halali. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Mashine huwashwa kutoka flashi hiyo badala ya diski yake. Mara tu uiwashapo, bonyeza kitufe cha F12, au F9, au Esc, kulingana na mtengenezaji, itokee orodha ya kuchagulia mahali pa kuanzia. Linux hukaa katika kumbukumbu ya mashine bila kuigusa diski, nayo Windows hubaki imelala, na virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows hulala pamoja nayo. Humo utaziona folda zako, hata zile zilizofichwa, maana Linux haitii amri ile ya kuficha. Baadhi ya mashine mpya, diski yake hufungwa kwa kufuli liitwalo BitLocker, nayo itadai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Ufunguo huo aghalabu huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute kabla kazi haijaanza.

Nakili picha, mafaili ya PDF, barua na majedwali. Usinakili programu hata moja, hata ile uipendayo. Yaani kila faili ambalo jina lake linaishia na exe, scr, bat, vbs, js au lnk liache hapohapo. Jihadhari na majina ya mikia miwili, kama vile picha.jpg.exe: hiyo si picha. Kisha, mama, fungua kila karatasi ya marehemu moja moja katika mashine nyingine iliyo nzima, uone kwamba yasomeka. Usitosheke kuona jina lake katika orodha. Weka nakala mbili mahali pawili, mathalani flashi mpya iliyofungwa kabatini, na nakala nyingine uliyojitumia katika barua pepe. Karatasi halisi zilizobakia, zipige picha upya kwa simu siku hiyohiyo. Ni baada ya kumaliza haya tu ndipo fundi aruhusiwe kutaja neno kufuta.

Je, hakuna haja ya kujaribu kusafisha kwanza? Kwa nyumba nyingine ipo, na tungeshauri jaribio moja la haki. Katika Windows 10 na Windows 11 fungua Windows Security, uingie sehemu ya kinga dhidi ya virusi, kisha Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima, itawaka upya, na itakaguliwa Windows ikiwa bado haijaamka, kwa muda wa dakika 15 hivi. Ubora wake ni huo: mlinzi amewakuta wezi wamelala. Ikiisha, itazame ile orodha ya mahali pasipokaguliwa tuliyoitaja, inayoitwa Exclusions. Kwa mtu wa kawaida nyumbani inafaa iwe tupu. Ukikuta humo folda usiyoiweka wewe, iondoe orodhani, ukague tena. Angalia pia vijiprogramu vya nyongeza vilivyomo katika kivinjari, kwani zile kurasa za kamari mara nyingi hutoka humo, na kuviondoa ni kazi ya dakika tatu. Kama baada ya yote hayo ugonjwa umerudi hata mara moja, basi acha. Mama huyu amekwisha kulipa mara tatu. Fedha ya mara ya nne aitumie kufuta.

Na kufuta kwenyewe kuwe kufuta. Kosa tulilolisikia mara nyingi ni kwamba fundi husafisha ile sehemu ya diski iitwayo C, akaiacha sehemu ya D jinsi ilivyo, ati ni ya mafaili tu. Humo D ndimo mlimo na programu za kuweka, nyimbo, na vile vijiprogramu vya leseni ya uongo. Siku ya pili mwenye nyumba hubofya kimoja, na safari huanza upya. Wakati wa kuweka Windows upya, fundi afute sehemu zote za diski mpaka skrini ioneshe nafasi moja tupu. Windows yenyewe itoke kwa Microsoft, kwa kutumia programu yao ya bure iitwayo Media Creation Tool, katika flashi ya gigabaiti 8 iliyotengenezwa kwenye mashine nzima. Isitoke katika mfuko wa fundi. Ikiwa mashine ilikuwa na Windows 10 au 11 yenye leseni halali, itatambuliwa yenyewe mara iunganishwapo na intaneti, bila kununua tena. Asiye na fundi aweza kutumia njia iliyomo ndani ya Windows, Reset this PC, akichagua kuondoa kila kitu na kupakua upya kutoka intaneti. Hiyo hula gigabaiti 4 au zaidi. Sisi twapendelea njia ya flashi, kwa sababu haimwombi mgonjwa ajitibu mwenyewe.

Kaa karibu na fundi anapofanya kazi, mama, au mtume kijana mkubwa akae. Mashine ikibebwa kwenda dukani, hubebwa na picha zote za nyumba, na za kazini kama baba alizihifadhi humo. Na hapa tuwaambie maafande waziwazi: orodha ya zamu, picha za kikosi, na barua za ofisi hazina kazi katika kompyuta ambayo watoto huchezea. Flashi ya ofisini isije nyumbani, na ya nyumbani isiende ofisini.

Virusi vya namna moja twavitaja mbali, navyo ni vile vya kudai fidia. Hivyo havifichi mafaili, huyafunga kwa kufuli la hesabu, kisha huacha barua ya kudai fedha. Hapo kusafisha mashine hakurudishi kitu. Usikimbilie kulipa, kwa sababu hakuna amuwajibishaye mwizi kutimiza ahadi. Yatoe mafaili hayo yaliyofungwa, uyahifadhi yalivyo. Julai 2016 polisi wa Uholanzi, Europol, na makampuni ya Kaspersky na Intel Security walianzisha mradi uitwao No More Ransom, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo, na funguo mpya zimekuwa zikiongezwa. Kisichofunguka mwaka huu chaweza kufunguka mwaka ujao. Kwa ndugu zetu polisi wanaopokea malalamiko ya namna hii kaunta, jambo hilo lafaa kukumbukwa kabla ya kumwambia mlalamikaji kwamba hakuna la kufanya.

Mashine ikiwa imefutwa na kuwekwa upya, jambo la kwanza ni kuiacha ipokee matengenezo yake yote kutoka Microsoft, kabla hata flashi moja haijachomekwa. Virusi vya WannaCry, vilivyoanza kuenea tarehe 12 Mei 2017 na kuzikumba hospitali za Uingereza pamoja na kompyuta za nchi zaidi ya 150, vilipita katika tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakuwa wamekibandika. Wenye Windows 10 wajue kwamba matengenezo yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yaweza kupokea Windows 11, huu ndio wakati wa kuiweka. Isiyoweza, ile Linux Mint iliyookoa karatasi yaweza kuwekwa moja kwa moja, na kwa kuchapa barua na kusoma haina upungufu. Wafungulie watoto akaunti yao isiyo na madaraka ya kuweka programu; neno la siri la akaunti kubwa liwe kichwani mwa mama.

Kisha kusanya flashi zote. Twasema zote: za masomo, ile ya nyimbo iliyochomekwa katika redio ya sebuleni, kadi ya kamera, na ile iliyokopeshwa jirani. Redio haiugui, lakini flashi yake hubeba ugonjwa vilevile. Chomeka moja moja. Usibofye chochote ndani yake. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya flashi, uamuru ikaguliwe. Kisha fungua dirisha jeusi la amri, liitwalo Command Prompt, na kama flashi imepewa herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huvua mafaili alama za kufichwa, na folda zako zitajitokeza kando ya zile za bandia. Ya bandia utaitambua kwa kijishale chake na kwa uzito wake, ambao ni kilobaiti moja au mbili tu. Futa vijishale vyote, futa na faili lolote geni lenye mkia wa vbs, js au exe. Nakili mali yako ndani ya kompyuta, kisha ifute flashi nzima kwa kuiformati, ndipo uirudishie. Nyumba yenye flashi sita itamaliza kazi hii kwa jioni moja, na flashi ya saba iliyosahauliwa chini ya godoro yatosha kuiharibu jioni hiyo yote.

Imebaki safari ya duka la kuchapisha, kwa kuwa mama huyu hana mashine ya kuchapia, na kadi za harusi hazingojei. Atenge flashi moja ndogo, ya bei nafuu, aiandike kwa rangi ubavuni, na ndani yake asiweke ila faili la PDF la kazi ya siku hiyo. Ikirudi kutoka dukani, isichomekwe nyumbani kusoma kilichomo. Iformatiwe kwanza, kila mara. Au aitume kazi kwa barua pepe moja kwa moja kwa mwenye duka, na flashi isitoke nyumbani kabisa.